Friji la Loti Namba Saba

Jumamosi, 17 Januari 2026

Friji limekufa. Safari hii kweli. Saa mbili asubuhi lilikohoa, likatetemeka, likanyamaza. Nimelipiga teke palepale pa siku zote, ubavuni chini — kimya. Swaumu alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la pesheni. Mke wangu akinyamaza, mimi huanza kujitetea kabla sijashtakiwa.

Nikajitetea. Kwamba friji hili nililinunua Lindi nikiwa kapera. Kwamba limehama nami mara mbili, kutoka Lindi hadi Singida, kisha hadi hapa Kibondo, na halijawahi kulalamika. Akaniuliza kama historia yake inapoza juisi.

Ukweli ni kwamba aliniambia tangu Agosti. Mlango tunaufunga kwa mpira wa baiskeli tangu Agosti. Nikawa nasema tusubiri bajeti. Bajeti ya nani, sijui. Nyumba hii ina watu watatu na mmoja yuko darasa la pili.

Niandike jambo lenyewe lilivyo, nisije nikajizungusha. Mama Zuhra, mwenye mgahawa karibu na stendi, amemwagiza Swaumu chupa sitini za juisi ya baridi kila siku, Ramadhani nzima, kuanzia futari ya kwanza. Akiweza, faida yake inatosha kulipia fremu sokoni, aondoke hapa barazani auze kwenye duka lake. Asipoweza, oda inakwenda kwa Nasma wa mtaa wa pili, ambaye ana friza na anasubiri. Ramadhani ni baada ya mwezi mmoja. Na friji ni maiti.

Mimi ni afisa ugavi wa halmashauri. Kazi ninayolipwa ni kununua vitu. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumapili, 18 Januari

Ameniachia. Hilo ndilo linalonitisha.

Mchezo wao wa akina mama umemwangukia yeye mwezi huu. Laki nne. Amezifunga kwenye leso na kuniwekea mkononi. "Wewe ndiye unayejua kununua, Baba Firdausi." Nikamtazama usoni nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Afadhali angenikejeli.

Halafu akasema, huku anakunja nguo, kwamba kaka yake Omary ana mafriji mapya dukani kwake Kasulu. Akiambiwa atapunguza, na kitakachopungua tutamalizia kidogo kidogo. Nikasema haiwezekani. Kununua kwa shemeji ni mgongano wa maslahi. Aliacha kukunja nguo. Nikaongeza kwamba kanuni ni kanuni, hata nyumbani.

Kanuni gani! Sababu ni kwamba siku ya harusi yetu Omary alinipokea mbele ya ukoo mzima wa wafanyabiashara kwa maneno haya: "Karibu, Bwana Mwisho wa Mwezi." Walicheka mpaka wapishi. Miaka tisa imepita na bado inaniwasha.

Jumatano, 21 Januari

Nimefungua jalada. La kijani. Juu nimeandika "Ununuzi wa Friji — Kaya". Jalada ni la ofisi, nitalirudisha.

Lazima zipatikane nukuu tatu za bei ndipo tathmini ifanyike. Nimeanzia kwa Athuman, duka la vifaa vya umeme hapa mjini. Akauliza friji la nini. Nikasema la matumizi ya kaya. Akauliza naliuzia au nalinywea maji. Nikamwambia mahitaji ya mtumiaji yataainishwa baadaye. Akanitajia bei, leso ya Swaumu haifiki hata nusu ya njia. Nikamwomba aniandikie bei hiyo kwenye karatasi yenye mhuri. Akaniuliza kwa upole kama nimekula.

Sijui kwa nini siwezi kununua kitu kama watu wengine. Swaumu akienda sokoni anashika, anakunja uso, anaondoka, anaitwa, analipa. Dakika tano. Mimi nina jalada.

Jumamosi, 24 Januari

Kasulu, kutafuta nukuu ya pili na ya tatu. Duka la Omary liko barabara ileile ya maduka mengine yote, kwa hiyo nilivaa kofia na miwani ya jua na kupita upande wa pili nimeinamisha kichwa.

Nukuu ya pili: la mtumba, mlango umebonyea. Muuzaji anasema ndivyo linavyotengenezwa. Nukuu ya tatu: kadogo, chupa tano zikiingia linajaa. Nimeandika zote mbili. Nimerudi na basi la saa nane nikijisifu kwa usiri.

Nimefika nyumbani, Swaumu yuko kwenye simu na kaka yake. Omary alikuwa anauliza kama shemeji ana tatizo la macho. Amemwona mjini na miwani ya jua na mvua inanyesha.

Jumatano, 28 Januari

Swaumu: "Tumefikia wapi?"

Mimi: "Tathmini inaendelea."

Anapoza juisi kwa kuzika chupa kwenye mchanga uliolowanishwa, nyuma ya jiko. Baridi ya Kibondo inasaidia asubuhi. Mchana wateja wanaonja, wanarudisha chupa na kuomba maji.

Ijumaa, 30 Januari

Kumekucha! Kwenye ubao wa matangazo: shirika moja lililokuwa likifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta linapunguza shughuli na linauza vifaa vyake kwa zabuni ya bahasha. Jenereta, meza, matairi. Na hii hapa — "Loti namba saba: friji moja kubwa, milango miwili, pamoja na mabamba kumi na mawili ya choo ya plastiki."

Mabamba ya choo, yale ya kuwekwa juu ya shimo, siyahitaji. Lakini wauzaji wa namna hii ndivyo wafanyavyo, kizuri wanakifunga pamoja na kisichotakiwa ili vyote viondoke. Anayeshinda anachukua loti nzima ndani ya siku tatu, la sivyo anapoteza vyote.

Chini kabisa kuna sentensi ninayoijua kuliko jina langu: kitauzwa kama kilivyo, mahali kilipo. Nimeiandika mwenyewe kwenye matangazo ya halmashauri mara nyingi mno. Huwa nawahurumia wasioisoma.

Milango miwili. Sitini zitaingia na nafasi itabaki. Nimemwambia Swaumu kuna kitu kikubwa kinakuja. Akasema afadhali kije kabla ya mwezi kuandama.

Alhamisi, 5 Februari

Siku ya ukaguzi, Nduta. Nimekwenda na daftari, futi ya chuma na shati la ofisini.

Mtunza stoo ni mama wa Kirundi, Uwimana, mtaratibu, funguo nyingi shingoni. Friji lilikuwa pembeni, jeupe, refu, halina hata mkwaruzo. Nimelipima. Urefu, upana, kina kwa nje. Kwa ndani sikupima kwa sababu lilikuwa limefungwa na ufunguo uko kwa bosi wake. Hilo nalo limenifurahisha. Nikaandika daftarini: "Linafungwa kwa ufunguo — lilitunzwa."

Kuliwasha haikuwezekana. Jenereta limeshaondolewa kwenye nyaya. Ni loti namba moja.

Nilipokuwa nakunja futi, Uwimana akanisogelea. "Patron, hii frigo, mi nataka nikuambie kitu kidogo." Nikamzuia kwa mkono. Nikamweleza kwa ustaarabu kwamba haifai mzabuni mmoja apewe taarifa ambazo wengine hawana. Maswali na maelezo yote yawe kwa maandishi na yagawiwe kwa wote. Akanitazama, akatazama pande zote. Stoo nzima tulikuwa wawili. "Sawa, patron," akasema.

Nimejisikia vizuri njia nzima ya kurudi. Uadilifu una raha yake.

Jumanne, 10 Februari

NIMESHINDA. Bahasha zimefunguliwa saa nne. Niliandika laki tatu na nusu, nikaacha elfu hamsini ya usafiri. Walioomba loti namba saba: mmoja. Mimi. Nikaona ni bahati.

Ofisini Isack, mwenzangu wa masijala, akauliza kwa nini wengine wote waliikwepa. Nikamwambia watu hawajui kusoma tangazo.

Swaumu amepika pilau siku ya kazi. Amenipa mnofu wa pili bila kuombwa.

Ijumaa, 13 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianze na ufunguo.

Nimekwenda na Canter ya kukodi. Uwimana akatoa ufunguo mdogo, akafungua mlango wa juu. Mafaili. Akafungua wa chini. Mafaili. Yamepangwa kwa miaka, vibandiko mgongoni, na kati ya rafu panya amejitengenezea nyumba kwa karatasi za mahudhurio.

"Ilikuwa armoire, kabati tu ya ma-dossier, patron," akasema. "Miaka tatu haiwaki. Siku ile nilitaka kukuambia, ukasema niandike."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia, na huruma ya mtu aliyekimbia kwao akaacha kila kitu, akinihurumia mimi kwa friji, ilinifanya nitamani kuingia ndani na kufunga mlango. Akanisaidia kuyatoa mafaili. Nikasaini hati ya kupokea. "Kimepokelewa kama kilivyo." Mkono wangu mwenyewe, na tarehe.

Friji tumelilaza nyuma ya Canter na mabamba ya choo juu yake, na tumepita katikati ya mji saa ya watu kutoka msikitini. Nimepewa hongera mara nne. Mtu mmoja akauliza najenga vyoo vya shule gani.

Swaumu alikuwa anangoja barazani. Alipoona milango miwili aliweka mkono mdomoni. Limeingizwa sebuleni, akalifuta kwa maji ya limau hadi nyuma, akalitandikia juu kitambaa cha kufuma alichokuwa amekitunza. Firdausi akauliza kwa nini friji linanuka daftari. Nikasema ni harufu ya upya.

Nikamwambia Swaumu lisiwashwe leo. Friji lililolazwa njiani linatakiwa lisimame siku nzima kabla ya kuchomekwa, mafuta ya kompresa yatulie. Hiyo ni kweli, kila fundi atakwambia. Sijawahi kuipenda kweli yoyote kama hii. Imenipa siku moja.

Jumamosi, 14 Februari

Swaumu amekwenda kununua chupa. Longinus, fundi, nimemwingiza kwa mlango wa nyuma.

"Mwakeye, mzee," akasalimia, akapiga magoti nyuma ya friji, akakaa huko muda mrefu. Waya zimeliwa na panya. Gesi hakuna. Kompresa atajua akishajaza gesi. Nikamwambia fedha zimekwisha. Akatazama mabamba ya choo yaliyoegemea ukuta, akauliza hayo ni ya nani. Ana shemeji zake Rungwe Mpya wanachimba vyoo. Tumekubaliana: mabamba yote kumi na mawili kwa ufundi na gesi. Kwa hiyo sehemu pekee ya loti namba saba iliyokuwa na thamani imeondoka kwa pikipiki, safari mbili.

Jumapili, 15 Februari

Limewaka! Saa tano na nusu Longinus, ambaye Swaumu ameambiwa amekuja kuchomeka tu, amechomeka, taa ya ndani ikawaka, na mngurumo — mtulivu, wa heshima. Swaumu akatoka jikoni mbio na unga mikononi. Akafungua mlango, akafunga, akafungua. Akacheka kama alivyokuwa akicheka Singida tulipokuwa hatuna hata kitanda.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia Omary, mume wangu anachelewa lakini hakosei."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Palikuwa na nafasi kabisa. Longinus alikuwa anafunga mfuko wake wa vifaa, ananitazama. Nikasema, "Ni kufuata utaratibu tu."

Nje Longinus akaniambia polepole: "Mzee, taa si baridi. Tungoje kesho."

Swaumu amempigia Mama Zuhra na kumwambia oda ipo. Amechukua na sukari na mapesheni kwa mkopo sokoni, kwa jina lake.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeweka glasi moja ya maji ndani ya friji na moja dirishani. Nimetoroka ofisini kila baada ya saa moja, nikisema nafuatilia mzabuni. Nimetia kidole. Nimetia ulimi. Saa nane mchana maji ya dirishani yalikuwa ya baridi kuliko ya ndani. Nimetumia akiba ya mke wangu kununua kabati linalopasha maji joto.

Nikamwita Longinus wakati Swaumu ameenda kumchukua Firdausi. Akaweka kiganja juu ya kompresa, akatikisa kichwa. Imekwisha. Inanguruma bure. Inayofaa inapatikana Kasulu. Kuna mtu anazo, akasema, Mswahili mmoja mwenye duka kubwa la umeme, Omary. "Ukimpigia kesho kabla ya saa kumi, anaipakia kwenye basi la jioni, mi nafunga keshokutwa asubuhi. Yule bwana anakopesha watu anaowafahamu." Akaniuliza kama namfahamu.

Nikasema kidogo.

"Na mama umwambie," akasema, "asije akatia vitu vyake humo."

Jumanne, 17 Februari

Saa tisa kasoro robo mchana. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa tumbo.

Watu wanasema mwezi utaonekana leo au kesho. Mama Zuhra hataki kubahatisha: chupa sitini ziingie kwenye baridi leo, za kwanza azichukue kesho alasiri. Swaumu alianza baada ya swala ya adhuhuri. Ameosha chupa zote, amezipanga mkekani kwa safu za kumi. Anachuja pesheni kwa kitambaa cheupe, anajaza, anafunga kifuniko, anapangusa kila chupa kwa upindo wa khanga. Anaimba kidogo. Juisi ile ikilala kwenye joto, kesho itakuwa na povu, na fremu, na jina lake pale sokoni, vitakwenda nayo.

Mimi niko chumbani. Mlango umerudishwa, si kufungwa, namwona. Simu iko kwenye goti. Namba ya Omary iko juu kabisa, ni kubonyeza tu. Nimeshafikiri maneno. "Shemeji, nimekosea." Ni maneno mawili. Nimeandika barua za kurasa sita za kukataa mizigo ya watu, haya mawili hayatoki.

Atacheka. Acha acheke. Si kicheko chake ninachokiogopa, nimeligundua sasa hivi nikiandika. Omary atacheka, ataipakia kompresa kwenye basi, na atasahau ifikapo Idi. Ninachoogopa ni hilo alilosema Swaumu juzi, kwamba sikosei. Hajawahi kuniambia hivyo miaka tisa yote. Nimeambiwa mara moja, na ilikuwa kwa kosa.

Tisa na dakika kumi. Ameshajaza ishirini na tatu.

Ningemwambia tu azirudishe kwenye mchanga leo, kesho asubuhi zipoe vizuri. Nitatunga sababu. Voltage ya umeme. Hapana — akiuliza voltage ni nini nitaanza kumsomesha, na saa kumi itapita.

Ameuliza kwa sauti, bila kugeuka, kama rafu za chini zinafaa au azianzie za juu ambako ni baridi zaidi. Nimejibu, "Zote sawa." Kwa mara ya kwanza tangu jalada lifunguliwe nimesema kweli tupu, na ndiyo mbaya kuliko uongo wote.

Tisa na dakika ishirini na tano. Thelathini na saba. Nimebonyeza namba, nikaikata kabla haijaita.

Tisa na nusu. Ameinuka. Amejaza mikono yote miwili, chupa tatu tatu, nyingine kwapani. Amesimama mbele ya friji.

"Baba Firdausi, hebu njoo unifungulie mlango, mikono imejaa."

Nimesema naja. Anangoja. Namwona mgongo, kitambaa cha kufuma, na chupa moja mkononi imeanza kuteleza. Nimesema tena naja na bado naandika.